Refa katunyima ubingwa? Njoo na msimamo wa ligi, povu acha nje

Shabiki Mstaafu

Wakuu, salaam. Kila ligi ikiingia mwezi wa nne kelele ni zile zile: sisi tunaonewa, wale wanabebwa, VAR, yaani waamuzi wa video, ina mwenyewe. Mimi ni Arsenal, kwa hiyo kwenye somo la kuonewa sihitaji mwalimu. Juzi nikachukua daftari, nikasema ngoja nipitie misimu ambayo mimi mwenyewe niliapa mbele za watu kwamba refa katupora kombe. Nikajiwekea sharti moja tu. Chukua pointi ulizopoteza kwa kosa la mwamuzi, zijumlishe kwenye pointi zako za mwisho wa msimu. Ukimpita bingwa, una kesi. Usipompita, kunywa maji ulale.

Nikaanza na kidonda chenyewe. 11 Februari 2023, Emirates, tunacheza na Brentford. Trossard katuweka mbele, tunaongoza 1-0, mara Toney akasawazisha kwa kichwa. Kwenye lile shambulizi Christian Nørgaard alikuwa ameotea kabla hajammegea Toney. Aliyekaa kwenye VAR, Lee Mason, hakuchora mstari wa kumpima Nørgaard. Siyo kwamba aliuchora ukapinda, hakuuchora kabisa! PGMOL, wale wanaosimamia waamuzi Uingereza, wakaomba radhi, na haikupita wiki Mason akaachana nao. Pointi 2 zikaota mbawa.

Haya, msimamo wa mwisho: City 89, sisi 84. Weka zile 2, tunakuwa 86. Hatufiki. Halafu nikafunua Aprili ya msimu huo huo, nikajuta kufunua. Anfield tuliongoza 2-0, ikaisha 2-2. Kwa West Ham tuliongoza 2-0, Saka akakosa penalti, ikaisha 2-2. Southampton, timu iliyokuwa inaburuza mkia, ikaja kwetu ikaondoka na 3-3. Pointi 6 ndani ya wiki mbili, na hapo hakuna wa kumsingizia.

Msimu uliofuata, 4 Novemba 2023, Newcastle. Bao la Gordon. VAR ikakagua mambo matatu: mpira ulishatoka nje kabla Willock hajaurudisha? Joelinton alimsukuma Gabriel? Gordon alikuwa ameotea? Yote matatu yakapita. Kocha wetu Arteta akawaka mpaka chama cha soka, FA, wakamfungulia mashtaka, ingawa kamisheni ilikuja kumwachia. Sasa tuseme bao lingefutwa. Ingekuwa suluhu, tunaokota pointi 1, 89 zetu zinakuwa 90. City walimaliza na 91.

Nimeshajivua nguo. Zamu yenu.

Nyavu Ndogo

Siti ya mbele. Mshika bunduki anajipima mwenyewe, nilijua nitakufa sijaona.

Jogoo Mkongwe

Mstaafu, sharti lako ni zuri na nakuletea kesi inayolitimiza bila kusukumwa. Msimu wa 2021/22. City 93, Liverpool 92.

Rudi 26 Februari 2022, Goodison Park, Everton dhidi ya City. Foden kafunga dakika ya 82. Zimebaki dakika chache, mpira unamgonga Rodri mkononi ndani ya boksi. Tierney katikati ya uwanja kauchuna, Kavanagh kwenye VAR kaangalia marudio kaona hakuna la kufanya. Baadaye mkuu wa waamuzi akawaomba Everton radhi. Penalti ile ingeingia, ni 1-1. City wanashuka mpaka 91. Sisi 92. Kombe linakuja Anfield.

Radhi waliombwa Everton. Sisi tuliopoteza kombe hata salamu hatukupewa.

Shabiki Mstaafu

Mkuu, hiyo nakubali imekaa vizuri. Ila umeweka neno "ingeingia" haraka sana kama mtu anayefunika sufuria. Penalti siyo bao. Ni nafasi ya kufunga.

Jogoo Mkongwe

Sawa, ni nafasi. Basi wangetupa hiyo nafasi tukose wenyewe!

Dakika ya Tisini

Ninachowakumbusha majogoo ni 22 Mei 2022, siku ya mwisho ya msimu huo. City wako nyuma 0-2 kwa Villa mpaka dakika ya 76. Gündoğan, halafu bao la kusawazisha, halafu Gündoğan tena dakika ya 81. Mabao matatu ndani ya dakika tano. Na aliyesawazisha ni nani? Rodri huyo huyo. Mwenye mkono ule ule.

Sasa jiulize. City wangeingia siku ile wakiwa na pointi mbili pungufu, wangecheza vile vile? Wangeanza na kikosi kile? Villa wangecheza vile? Huwezi kung'oa tofali la Februari ukategemea ukuta wa Mei usimame kama ulivyokuwa. Ndiyo maana hizi hesabu za kujumlisha na kutoa mimi naziona ni za kufarijiana.

Jogoo Mkongwe

Kwa hoja hiyo basi hakuna kosa lolote la refa linaloweza kulalamikiwa milele. Rahisi sana kusema hivyo ukiwa umekaa na kombe.

Dakika ya Tisini

Mimi sishabikii City mkuu. Ningekuwa na kombe ningekuwa hapa saa hizi?

Ukuta wa Njano

Nyie mnaongelea Uingereza tu kana kwamba kwingine watu hawalii. Ngoja niwaletee Ujerumani 2023, halafu mniambie daftari la Mstaafu linasemaje.

28 Aprili 2023, Bochum dhidi ya Dortmund. Matokeo 1-1. Adeyemi anaangushwa na Soares ndani ya boksi, kweupe kabisa, hata mtu aliyekaa nyuma ya nguzo aliona. Refa Stegemann akasema cheza. VAR haikumwita kwenye skrini. Kesho yake mwenyewe akajitokeza akakiri kwamba amekosea. Kilichofuata kwa huyo bwana kilikuwa cha aibu, watu walimtishia maisha mpaka polisi wakahusika, na hilo silitetei hata kidogo.

Sasa nenda siku ya mwisho, 27 Mei. Dortmund wako nyumbani na Mainz, wakishinda wanachukua ubingwa bila kumtazama mtu. Dakika ya 15 wamefungwa. Dakika ya 19 wanapata penalti, Haller anaipiga, kipa anadaka. Dakika ya 24 ni 0-2. Guerreiro akarudisha moja. Kule Köln, Bayern wanaongoza 1-0, dakika ya 81 Köln wanasawazisha kwa penalti. Wakuu, kuanzia hapo kwa dakika nane Dortmund walikuwa mabingwa huku wamefungwa 1-2 nyumbani! Dakika ya 89 Musiala akapiga. Kwisha habari. Süle akasawazisha dakika za nyongeza, 2-2, haikusaidia kitu.

Msimamo: Bayern 71, Dortmund 71. Tofauti ya mabao, Bayern +54, Dortmund +39. Pointi MOJA popote pale na kombe ni letu. Na Bochum tulinyimwa nafasi ya kupata mbili.

Nyavu Ndogo

Hii ya Dortmund nilikuwa nimeisahau, imenirudishia maumivu na siyo timu yangu.

Shabiki Mstaafu

Ukuta, kesi yako imepita sharti langu. Nimekaa nayo tangu asubuhi. Lakini angalia kitu kimoja. Bochum mlinyimwa penalti. Siku ya Mainz mlipewa penalti. Ile mliyonyimwa mnaihesabu kuwa bao kwa asilimia mia. Ile mliyopewa ilidakwa. Sasa nani kakuambia ile ya Bochum asingepiga Haller?

Ukuta wa Njano

Umenichoma pabaya.

Ila bado. Kukosa ni kwetu, tunalibeba wenyewe. Kunyimwa ni kwa mtu mwingine aliyelipwa aione ile faulo. Haviwezi kuwa uzito mmoja.

Bao la Kisigino

Hapo Ukuta kasema kweli, na Mstaafu usimkwepe. Mchezaji akikosa penalti, mpira umechezwa. Refa akifumba jicho, mpira haukuchezwa. Mimi nikifungwa kihalali nalala. Nikifungwa na filimbi nakaa macho mpaka alfajiri narudia video.

Kibendera

Nimekuwa nasoma tu ila acha nichangie. Mimi nachezesha mechi za madaraja ya chini, mara nyingi nikiwa mshika kibendera. Naomba mnivumilie niwaeleze kuotea kunaonekanaje ukiwa pale pembeni, kwa sababu wengi mnaangalia kwenye picha iliyosimamishwa.

Kazi yangu ni kwenda sambamba na beki wa pili kutoka mwisho. Kipa kwa kawaida ndiye wa mwisho, kwa hiyo macho yako kwa beki. Pasi inapigwa mita 40 huko kushoto kwangu. Siwezi kumwangalia mpiga pasi na beki kwa wakati mmoja, jicho halina uwezo huo. Kwa hiyo wengi wetu tunatumia sikio. Unasikiliza mguu ukigonga mpira, "pu", na sekunde hiyo hiyo unapiga picha kichwani: beki yuko wapi, straika yuko wapi. Watu wakipiga kelele ile "pu" huisikii. Na straika anakimbia kwenda golini huku beki anapanda kuja kwako, wanapishana. Ukichelewa kupiga picha kwa kukonyeza tu jicho, aliyekuwa sawa anaonekana kaotea kwa hatua nzima.

Kuna mechi nilinyoosha kibendera, bao likafutwa. Usiku mtu akanitumia video ya simu yake. Kijana alikuwa sawa, tena kwa mbali. Niliiangalia mara nyingi nikitafuta pembe itakayonitetea, sikuipata. Timu yake ilimaliza nafasi ya pili.

Sijaja kuomba huruma. Ninachosema ni kwamba kosa la jicho ni jambo moja, na kosa la mtu aliyekaa mbele ya skrini mwenye muda wa kurudia ni jambo jingine. La pili linaniuma hata mimi.

Nyavu Ndogo

Hilo la sikio sikuwahi kulijua. Heshima kwako mkuu.

Jogoo Mkongwe

Kibendera, sasa nieleze wewe mtaalamu. Bao la Luis Díaz pale kwa Tottenham, 30 Septemba 2023. Ilikuwaje watu wenye skrini wakashindwa?

Kibendera

Lile halikuwa kosa la macho wala la mistari. Mistari walichora, wakaona Díaz yuko sawa. Tatizo uwanjani kibendera kilishanyooshwa, uamuzi ulikuwa "ameotea". Aliyekaa VAR, Darren England, kichwani mwake alidhani uamuzi wa uwanjani ni bao. Kwa hiyo alipoona Díaz yuko sawa akawaambia wenzake ukaguzi umekamilika, akimaanisha bao limekubaliwa. Uwanjani wakaelewa kuotea kumethibitishwa. Mpira ukapigwa. Sekunde chache baadaye chumbani wakashtuka, sauti zenyewe zilitolewa hadharani, mnasikia kabisa mtu anaomba mchezo usimamishwe. Lakini sheria za IFAB, wale wanaotunga sheria za soka, ziko wazi: mchezo ukishaanza upya huwezi kurudi nyuma, isipokuwa mambo machache kama vurugu au kadi kupewa mtu asiyehusika.

Yaani teknolojia ilifanya kazi yake sawasawa, watu wawili wakashindwa kuelewana kwa sentensi moja.

Jogoo Mkongwe

Tukafungwa 2-1, bao la kujifunga la Matip dakika ya 96, tukiwa tisa uwanjani. Nikikumbuka natetemeka.

Shabiki Mstaafu

Jogoo, pole. Lakini daftari: msimu huo City 91, nyie 82. Hata ningekupa pointi zote 3 za mechi ile unakuwa na 85. Na mwezi wa nne mlifungwa na Crystal Palace nyumbani, mkafungwa na Everton ugenini.

Jogoo Mkongwe

Siku ile ya Palace, 14 Aprili, na nyie mlichapwa 2-0 na Villa kwenu. Tulizama mtumbwi mmoja, usinicheke.

Mzee wa Skrini

Nyie endeleeni na daftari lenu. VAR imeletwa ili wakubwa wabebwe kisayansi. Hakuna kosa pale, ni mpango. Watoto wadogo ndio wanaamini "makosa ya kibinadamu".

Dakika ya Tisini

Mzee, mpango wa kupanga waamuzi umewahi kutokea kweli, ila uliacha alama. Italia 2006: simu zilinaswa, viongozi wa klabu wakizungumza na wapangaji wa waamuzi. Juventus wakavuliwa ubingwa wa misimu miwili, 2004/05 na 2005/06, wakashushwa Serie B. Ujerumani 2005, refa Robert Hoyzer alikiri kupanga matokeo, akafungwa jela na kufungiwa soka maisha. Hizo zote hazikuhitaji VAR, na zote zilikuwa na ushahidi. Wewe unao nini?

Mzee wa Skrini

Nina macho.

Kibendera

Hata mimi ninayo, na nimeshawaeleza yalivyonifanyia.

Mstari wa Goli

Mimi hoja yangu ni fupi. Mnapodai VAR ifutwe, kumbukeni klabu 20 za Uingereza zilipiga kura tarehe 6 Juni 2024 baada ya Wolves kuleta hoja. 19 wakasema ibaki, mmoja tu akataka ifutwe. Hao ndio wanaolalamika kila wiki.

Mashine zikiachiwa kitu kimoja tu, kama ile ya mstari wa goli inayomtumia refa ishara kwenye saa yake, zinafanya vizuri. 3 Januari 2019, City na Liverpool, mpira unaelekea wavuni, Stones anauondoa kwenye mstari. Ulibaki milimita 11 tu kuvuka wote. City wakashinda 2-1, mwisho wa msimu 98 kwa 97. Nani angeona milimita 11 kwa jicho? Na hakuna jogoo hata mmoja ninayemsikia akibishia lile, kwa sababu saa ya refa haina timu.

Kwa upande mwingine, bao la Aziz Ki ambalo Yanga tulinyimwa kule Pretoria, Aprili 2024. VAR ilikuwepo, teknolojia ya mstari haikuwepo. Sundowns wakapita kwa penalti na sisi mpaka leo tunasimamisha ile picha. Siongezi neno.

Nyavu Ndogo

Usiongeze, uzi utageuka msiba.

Bao la Kisigino

Mstari, hata hiyo saa imewahi kulala. 17 Juni 2020, Villa na Sheffield United. Kipa wa Villa, Nyland, kadaka mpira wa adhabu akaingia nao golini mzima mzima. Saa ya refa kimya. Kamera zote zilikuwa zimezibwa na miili ya watu. VAR nayo haikuingilia. Ikaisha 0-0, na Villa wakabaki ligi kuu kwa tofauti ya pointi 1, Bournemouth na Watford wakashuka. Daftari la Mstaafu likienda mkiani mwa msimamo litakuta vilio kuliko huku juu.

Na Mstaafu, hesabu yako ina tundu jingine. Unahesabu pointi za siku ile tu. Kadi nyekundu je? Chukua 2024/25. Rice alitolewa dhidi ya Brighton kwa kuusogeza mpira kwa mguu, kadi ya pili ya njano. Kipindi cha kwanza João Pedro alikuwa ameupiga mpira mbali kabisa, hakupewa kitu. Sheria ni ile ile, refa ni yule yule, mechi ni ile ile. Trossard akatolewa kwa City kwa kosa la namna hiyo hiyo, mkacheza kumi kipindi chote cha pili, Stones akasawazisha dakika ya 98. Mtu akitolewa unapoteza na mechi inayofuata, miguu inachoka, kocha anabadili mpango. Hayo yanaandikwa wapi kwenye daftari?

Shabiki Mstaafu

Hoja yako nzito, na João Pedro sijamsamehe. Ila fuatilia mpaka mwisho. Mechi ambayo Rice alifungiwa ilikuwa ya watani, Tottenham, kwao. Tulishinda 1-0, kichwa cha Gabriel. Na msimu ule Liverpool 84, sisi 74, na sare 14. Sare kumi na nne! Nikimbebesha refa mbili za hizo, zinabaki kumi na mbili, na pengo la pointi 6 bado lipo pale pale.

Jogoo Mkongwe

Mstaafu, naomba nikuulize kitu kwa heshima zote. Daftari lako lina kurasa ngapi?

Shabiki Mstaafu

Kwa nini?

Jogoo Mkongwe

Kwa sababu tangu uzi uanze umeandika mlivyonyimwa. Brentford, Newcastle, Brighton, City. Ukurasa wa mlivyobebwa uko wapi? Nikusaidie kuufungua: 9 Oktoba 2022, nyie na sisi, Emirates, mkashinda 3-2. Bao la ushindi ni penalti ya Saka, Thiago kwa Jesus, mguso ambao hata Jesus alishangaa kuanguka. Ukiondoa pointi hizo kwenye msimu wako mtakatifu, hesabu inakuwaje?

Nyavu Ndogo

Wakuu, sogezeni viti.

Shabiki Mstaafu

Ile ya Thiago ilikuwa penalti halali. Kampiga mguu, picha zipo.

Jogoo Mkongwe

Sawa, tuseme ilikuwa halali. Na mpira wa Jota uliomgonga Gabriel mkononi ndani ya boksi, mechi ile ile, mkaachiwa?

Shabiki Mstaafu

Mkono upi?